Faili ni lilelile: kwa nini flashi moja inawasha kompyuta na nyingine haiwashi?

Mafundi wa kompyuta wa Moshi mjini wameshalizoea swali hili. Mteja anakuja na flashi mkononi: "Fundi, Linux nimeiweka humu, nimeipakua kwa bando langu mwenyewe, mbona mashine haiioni?" Fundi anachungulia. Faili la ISO, yaani nakala ya diski nzima ndani ya faili moja, lipo, limekamilika, halina kasoro. Analichukua hilohilo, analiandika upya kwenye flashi ileile kwa njia nyingine, anachomeka, kompyuta inawaka. Je, wajua tofauti iko wapi?

Kompyuta inapowashwa haitafuti Linux wala mfumo mwingine wa uendeshaji. Inatafuta kitu kidogo sana, tena mahali palepale kila siku. Zile za zamani zenye BIOS, programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine, husoma baiti 512 za mwanzo za diski, huangalia kama mbili za mwisho ni 55 na AA, na zikiwa hivyo hukabidhi kazi kwa chochote kilichoandikwa hapo, bila maswali. Zenye UEFI, mrithi wa BIOS, zimeelimika kidogo: zinaweza kusoma patisheni (sehemu ya diski) iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, na humo hutafuta faili lenye jina maalumu, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Zisipolikuta, zinapita.

Sasa ukinakili ISO kama unavyonakili wimbo, vitu vyote hivyo vimo, ila vimo ndani ya faili, na wa kulifungua hayupo. Ni kama kumwachia mgeni ufunguo wa nyumba ukiwa umeufungia ndani ya nyumba ileile. Ukiliandika kwa dd, amri ya Linux ya kunakili baiti kwa baiti, au kwa programu kama balenaEtcher, baiti ya kwanza ya ISO inakaa kwenye baiti ya kwanza ya flashi, na kila kitu kinaangukia pale kinapotafutwa. Asili ya ISO ni CD. Utaratibu wa kuwasha kompyuta kwa CD, unaoitwa El Torito, ulitolewa na Phoenix na IBM mwaka 1995. ISO za Linux za leo zimetengenezwa kwa ujanja zikubali CD na flashi pia. Ya Windows haina ujanja huo, ndiyo maana ukiiandika kwa dd kwa kawaida unaambulia patupu.

Flashi ikishawaka, Linux nzima inaendeshwa kutoka humo na kwenye RAM. Diski ya ndani inakaa kimya, haijaguswa, mpaka wewe mwenyewe uiguse. Hapo ndipo penye thamani yote.

Chukua steshenari ya kawaida karibu na soko la Mbuyuni. Kompyuta ya kuchapia ina Ubuntu, umeme umekatika katikati ya masasisho, na asubuhi kioo ni cheusi, kimeandika grub rescue> na hakisogei. "Mwanangu, mitihani ya shule imo humo, imepotea?" "Hapana mama, ipo. Kilichogoma ni kianzishi tu." Kianzishi, hapa GRUB, ndicho kinachouita mfumo uwake. Fundi anawasha kwa flashi, anaandika lsblk ili aone patisheni ipi ni ipi. Akiikuta ni sda2, anaikagua kwanza kwa fsck kabla ya kuipachika (kuifungua isomeke), kisha mount /dev/sda2 /mnt, anaunganisha folda za mfumo /dev, /proc na /sys za flashi ndani ya /mnt kwa mount --bind, halafu chroot /mnt. Kuanzia hapo amri zinazotumika ni za Ubuntu ya mama, ila kerneli (kiini cha mfumo) inayoziendesha ni ya flashi. Anamalizia na grub-install na update-grub, kianzishi kinarudi.

Wengi hukwama hapo kwa jambo moja dogo. Mashine nyingi huweza kuiwasha flashi kwa njia ya BIOS au ya UEFI, na ukiwasha kwa njia isiyo ile ya mfumo unaoutibu, grub-install itagoma au itaweka kianzishi kisichofaa. Angalia kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Ipo, umewaka kwa UEFI. Haipo, ni BIOS. Kwa UEFI, ukiwa ndani ya chroot, usisahau kupachika patisheni ya FAT kwenye /boot/efi. Na kama diski inagonga-gonga au inatoa makosa ya kusoma, achana na fsck. Inakili kwanza kwenye diski nyingine kwa ddrescue, maana kila kuisoma ni kuimaliza.

Flashi yenyewe iandae mashine ikiwa nzima. SystemRescue, Linux ya uokoaji, inatosha kwa kazi nyingi, na ni ndogo kuliko Ubuntu ya mezani, kwa hiyo bando halilii sana. Linganisha namba ya sha256sum, alama ya kutambua faili, na ile iliyotangazwa na waliotoa ISO. Mtandao ukikatika njiani faili huweza kuonekana zima kumbe halijakamilika. Kisha dd if=faili.iso of=/dev/sdb bs=4M conv=fsync. Ni sdb (hapa ndiyo flashi nzima), si sdb1 (patisheni yake), na hakika si sda (diski ya ndani): dd haikuulizi kama una uhakika. Anayeogopa dd, au anayetaka ISO kadhaa kwenye flashi moja, atumie Ventoy. Hiyo huwekwa mara moja, halafu ISO zinanakiliwa kawaida tu, jambo linaloonyesha kuwa swali la mteja wetu halikuwa la kijinga. Flashi za bei ya kutupa zinazotangaza GB nyingi zipime kwanza kwa f3write na f3read, maana nyingine ndani yake hazifiki hata robo.

Tena flashi ya uokoaji huzeeka hata ikikaa droo bila kuguswa. Chipu za bei rahisi hupoteza chaji taratibu zikikaa muda mrefu bila umeme. Programu nazo hupitwa: e2fsprogs 1.47 ya mwaka 2023, kifurushi chenye fsck, iliongeza kipengele cha ext4 (mpangilio wa faili wa Linux) ambacho fsck ya zamani haikijui, na hiyo ya zamani itakataa kuikagua diski yenye kipengele hicho. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizuia vianzishi vya zamani vya Linux kwenye kompyuta zenye Secure Boot, ulinzi unaokubali vianzishi vilivyosainiwa tu, na watu wakakuta flashi iliyokuwa ikiwaka jana inaishia kwenye ujumbe wa SBAT, utaratibu wa kukataa vianzishi vya zamani. Ukikutana nao, andika toleo jipya juu ya flashi hiyo, au zima Secure Boot, fanya kazi, uiwashe tena. Ila kama mashine hiyo ina Windows yenye BitLocker, inayoifunga diski kwa siri, namba ya kuifungulia uwe nayo karatasini kabla hujagusa chochote.