Baka Lisilowasha Lisipuuzwe: Ukoma Hutibika Ukigundulika Mapema

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua akiungua kiganja kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, asijue mpaka mwenzake amwonyeshe lengelenge jioni, asiishie kupaka dawa ya kuungua. Mkono usiohisi moto huenda umeanza kufa ganzi kwa ukoma, ugonjwa unaoshambulia ngozi na mishipa ya fahamu.

Ukoma huanza kimyakimya. Baka lililofifia rangi au lenye wekundu hutokea mgongoni, begani au pajani, na kwa kuwa haliwashi wala haliumi, mwenye nalo hulidhania fangasi, hununua mafuta dukani, na miezi hupita. Hata mhudumu wa afya huweza kuandika dawa ya fangasi bila kuligusa. Ndiyo maana tunawasisitizia wenzetu wa zahanati kwamba baka halitazamwi tu, hupimwa: mgonjwa afumbe macho, mhudumu aguse kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, kwanza ngozi isiyo na baka, kisha juu ya baka, na mgonjwa aonyeshe kwa kidole kila anapoguswa. Akishindwa kuonyesha kwenye baka, hiyo ni dalili kubwa ya ukoma. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Kinahitaji mwanga wa kutosha, na faragha ya kumwezesha mtu kuvua nguo bila haya.

Dawa zipo na hutolewa bure: mseto wa rifampisini, dapsoni na klofazimini, kwa miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, na miezi 12 kwa mwenye mengi zaidi. Mkojo ukiwa mwekundu mgonjwa asishtuke, ni rangi ya dawa. Aliyekwisha kuanza tiba hapaswi kutengewa sahani wala kitanda, kwani uwezo wake wa kuambukiza hupungua upesi mno. Lakini mishipa ikivimba na kuuma ghafla, au mkono ukilegea, arudi kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu ganzi iliyoachwa muda mrefu kwa kawaida haiondoki hata vimelea vikiisha.

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, na naamini mafanikio hayo yametufanya tulegeze macho. Vimelea huweza kukaa mwilini miaka 5, hata 20, kabla ya dalili. Kwa hiyo mgonjwa mmoja akigundulika, mhudumu aifuate kaya yake nyumbani, awakague wote, na watoto wavuliwe mashati, watazamwe mgongoni.