Wingu au seva ya ofisini: tofauti hasa ni ipi?

Neno "wingu" limewapotosha wengi. Mtu akilisikia hudhani data zinaelea hewani, hazina mahali wala mwenyewe. Kumbe wingu ni kompyuta za kawaida, zimepangwa kwenye rafu ndani ya jengo lenye umeme wa akiba, mitambo ya kupoza na walinzi mlangoni. Ila jengo si lako na kompyuta si zako: unazikodi na kuzitumia kupitia intaneti. Mfumo wa ndani ni ule ambao seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, umeinunua mwenyewe, iko kwenye chumba chako, na ikizima usiku wa manane anayeamshwa ni mtu wako.

Mwaka 2006 ndio uliofungua njia. Mwezi Machi, Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data kwa huduma yake ya S3, na Agosti ikaleta EC2, huduma ya kukodisha kompyuta zenyewe. Kabla ya hapo, aliyehitaji seva aliiagiza, akasubiri wiki kadhaa, akaifunga na kuiwekea programu. Sasa aliweza kuipata kwa dakika chache, akailipia kwa saa alizoitumia na kuirudisha akimaliza.

Kwa hiyo seva ya kununua hulipiwa kwa mkupuo, kisha hutumika miaka kadhaa, mara nyingi mitatu hadi mitano, ndipo ibadilishwe. Wingu huleta bili kila mwezi, kama umeme. Wengi huchukua bei ya seva, wakaiweka kando ya bili ya mwezi, wakaamua. Hesabu hiyo ina mapengo pande zote mbili. Upande wa seva hawahesabu umeme, upoozaji, leseni, vipuri, mshahara wa mtaalamu, wala seva ya pili ya kushika kazi ya kwanza ikiharibika. Upande wa wingu husahau kwamba kuingiza data kwa kawaida ni bure, lakini kuzitoa hutozwa kwa kila gigabaiti. Husahau pia seva za majaribio ambazo hakuna aliyekumbuka kuzizima, nazo zinaendelea kutozwa.

Mimi naona bei isiwe swali la kwanza. Anza na tabia ya kazi yenyewe. Mfumo wa kuuza tiketi hupata watu wachache siku nyingi, kisha tamasha kubwa linapotangazwa wakaingia maelfu kwa saa moja. Ukinunua seva za kutosha saa hiyo, mwaka mzima uliobaki zitakaa bila kazi. Hapa wingu halina mpinzani. Lakini mfumo ambao mzigo wake ni uleule Januari hadi Desemba hauvuni faida hiyo. Kuukodia kompyuta miaka mitano mfululizo ni kulipia wepesi wa kupanda na kushuka usioutumia.

Kampuni mbili zinazojulikana zilikwenda njia zinazopishana. Netflix, ya filamu, ambayo wakati huo ilikodisha DVD kwa posta, iliharibikiwa hifadhidata yake mwaka 2008, ikakaa siku tatu bila kuweza kutuma DVD kwa wateja. Ikaamua kuhamia wingu, kazi iliyokamilika Januari 2016. Dropbox, inayowahifadhia watu mafaili yao mtandaoni, ilianzia wingu, kisha ikajenga mitambo yake na kuhamishia huko sehemu kubwa ya mafaili ya watumiaji. Katika hati zake za kuingia soko la hisa mwaka 2018, ilieleza kuwa gharama za uendeshaji zilipungua kwa karibu dola milioni 75 ndani ya miaka miwili. Nashauri tu kwamba biashara ndogo isiige Dropbox kwa kuangalia takwimu hiyo. Ilikuwa na data nyingi mno na wahandisi wa kutosha kujenga mfumo wao wa kuhifadhi. Mwenye fundi mmoja hana ubavu huo.

Kuhusu usalama, kuna dhana moja inayoniuma kwa sababu imewagharimu watu kazi ya miaka: kwamba ukihamia wingu, ulinzi umekuwa mzigo wa mwenye wingu. Yeye hulinda jengo, mitambo na mtandao wake. Nywila, ruhusa za nani aone nini, na mara nyingi nakala rudufu, hubaki mikononi mwako. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la vituo vya data vya OVHcloud, kampuni ya wingu, huko Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja, kwa kuwa hawakuwa na nakala sehemu nyingine. Seva ya ofisini nayo huungua na kuibwa, kwa hiyo popote utakapokuwa, weka nakala katika jengo tofauti, na jaribu kuirejesha kabla ya siku ya shida.

Intaneti ikikatika, mfumo ulio winguni haufikiki. Kiwanda kinachoongoza mashine kwa kompyuta hakipaswi kusimama kwa sababu hiyo, hivyo mfumo huo ubaki ndani. Barua pepe, kwa upande mwingine, ningeipeleka wingu karibu kila mara: kuiendesha mwenyewe, pamoja na kupambana na barua taka, ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Hakuna sharti biashara nzima ikae upande mmoja.

Kabla ya kusaini mkataba wa wingu, uliza utatokaje: data zako utapewa katika muundo gani, kwa muda gani, kwa gharama gani. Umoja wa Ulaya umelitungia sheria jambo hili. Sheria yake ya Data ilianza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, na kuanzia tarehe 12 Januari 2027 watoa huduma hawataruhusiwa kumtoza mteja ada ya kuhamia kwa mwingine. Asiye chini ya sheria hiyo atategemea kilichoandikwa kwenye mkataba wake.