Ukuta umepanda, lakini nyumba imefika wapi? Dhana potofu kuhusu kufuatilia ujenzi

Anayejenga Kigamboni akiwa Mwanza, au Goba akiwa Muscat, anaifuatilia nyumba yake kwa simu. Jioni inaingia picha: ukuta umepanda, mafundi wamesimama mbele yake, na chini ujumbe, "Bosi, kazi inaenda, tuma hela ya lenta." Hela ya lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inatumwa. Hata anayekaa mtaa wa pili na saiti hana tofauti kubwa. Anapita Jumamosi kutazama tofali zimefika kozi ya ngapi, anaridhika, anaondoka.

Hapo ndipo ilipo dhana inayozaa nyingine zote: kwamba maendeleo ya nyumba ni kile kinachoonekana.

Vitu vinavyoibeba nyumba ni vile vinavyofunikwa. Kina cha mtaro wa msingi. Nondo zilizo ndani ya nguzo. Dawa ya mchwa na nailoni ya kuzuia unyevu chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Mabomba ya maji taka na mteremko wake. Mabomba ya nyaya za umeme kabla ya plasta. Kila kimoja kina siku yake ya mwisho ya kuonekana, na zege likishamwagwa, mjadala umefungwa. Baada ya hapo kuna kutindua tu, nako kunalipiwa. Kwa hiyo siku ya kuomba ruhusa kazini ni ile ya kabla ya kumwaga zege. Siku ya baada yake unakwenda kupiga picha za kumbukumbu.

Usipoweza kufika, badilisha aina ya picha unayoomba. Picha ya nyumba nzima kutoka barabarani haikuambii kitu. Omba ya futi kamba iliyoshushwa ndani ya mtaro, namba zikisomeka. Omba ya nondo za nguzo kabla mbao hazijafungwa, futi ikiwa imelazwa kati ya ringi na ringi, vile vyuma vinavyozizunguka nondo, ili ulinganishe na mchoro. Fundi anayefanya kazi yake sawasawa hatanuna. Atakayenuna, amekupa taarifa ya maana kuliko picha yenyewe.

"Nondo ni nondo, mradi risiti imeandika 12." Hapa watu wanaliwa kila siku, na dawa yake ni mzani. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban gramu 888 kwa mita, kwa hiyo kipande kizima cha mita 12 kinakaribia kilo 10.7. Ya milimita 10 inakaribia kilo 7.4, na ya 16 kilo 19. Pungufu dogo linavumilika, maana kiwanda hakitoi vipande vinavyofanana kabisa. Lakini kipande kikisoma kilo 9, umeuziwa nondo ya milimita 11 kwa jina la 12, na karibu asilimia 16 ya chuma ulicholipia haipo. Kwa macho huwezi kuiona tofauti hiyo, na kwenye picha ndiyo kabisa. Pima kabla hazijashushwa kwenye gari.

Bati nalo lina mtego wake, ila huu ni mfupi: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Wapo wanaoongezewa namba wakidhani wameongezewa ubora.

"Zege likikauka, limekomaa." Zege halikomai kwa kukauka. Linakomaa kwa saruji kuchanganyika na maji na kujenga muungano mpya, na kazi hiyo inataka unyevu. Likikauka mapema, linaachia njiani. Ndiyo maana jamvi, nguzo na lenta humwagiliwa kwa siku 7 angalau, hasa kwenye jua kama la Dar es Salaam, na zege hufunikwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni. Ile 32.5 au 42.5 iliyoandikwa kwenye mfuko ni nguvu ya saruji inayopimwa ikiwa na umri wa siku 28. Siku ya tatu hujafika huko.

Hapa inaingia dhana ndogo pacha, kwamba saiti iliyo kimya imekufa. Si lazima. Kuna siku ambazo kazi halisi ni kumwagilia na kusubiri, na mwenye nyumba anayepiga simu kufoka ndiye anayesababisha mbao zifunguliwe kabla ya wakati. Upande wa pili, "tunasubiri zege bosi" ni kauli tamu sana kwa fundi aliyehamia saiti ya mtu mwingine. Namna ya kuwatofautisha ni rahisi: gusa magunia. Yakiwa makavu saa nane mchana, hakuna anayesubiri chochote.

Na maji mengi ndani ya mchanganyiko ni jambo jingine kabisa. Zege lililo kama uji ni rahisi kulimwaga, ila maji yaliyozidi yakiondoka yanaacha vitundu, na nguvu inashuka. Mwagilia zege likishashika, usilizamishe likiwa bado kwenye toroli.

"Nimemweka shemeji, hakiibiwi kitu." Shemeji anahesabu mifuko ya saruji inayoingia na inayotoka, na hilo ni jema, lakini ni kulinda stoo. Haitoshi kuitwa usimamizi. Mifuko yote inaweza kutumika pale pale saitini na tofali zikawa mbovu. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali nyingi kuliko mlivyokubaliana, usishangilie, maana mchanga ndio ulioongezwa. Chukua tofali lililokwisha kumwagiliwa na kukomaa, ulikwaruze kwa ufunguo. Likimomonyoka kama biskuti, unayo habari. Na shemeji wa watu atamwambiaje fundi mwenye umri wa baba yake kwamba mtaro haujafika kina? Mlipe fundi sanifu au mhandisi aje kwenye hatua zile zinazofunikwa tu, shemeji abaki na daftari lake.

"Nimemaliza boma, sasa imebaki kidogo." Mijini kwetu maboma, zile kuta zisizo na paa, yaliyoota nyasi ndani ni ushahidi wa kutosha. Ukuta hupanda haraka na hudanganya. Kupaua, umeme, maji, shimo la choo, plasta, madirisha, milango, vigae, dari ya gypsum na rangi vinasubiri, na mara nyingi vinakula kuliko boma lenyewe. Kosa linaloambatana nalo ni kulipa ufundi kwa kufuata urefu wa ukuta: kufika lenta, fundi ameshachukua karibu hela yake yote. Gawa malipo kwa kazi iliyokaguliwa, na ubakize sehemu ya mwisho. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia asilimia 5 hadi 10 kwa ajili ya kasoro zitakazojitokeza.

Hela hiyo iliyobaki usiitoe kiangazi. Kama ratiba inaruhusu, gypsum isifungwe kabla mvua kubwa ya kwanza haijapita juu ya bati. Ingia ndani ikiwa inanyesha, utazame mapaa mawili yanapokutana na kuzunguka misumari, uweke alama za chaki sakafuni kila linapodondoka tone. Kisha mpigie fundi bati akiwa bado anakudai.