Polirithimu: tatu juu ya mbili

Polirithimu ni midundo miwili ya hesabu tofauti inayokwenda pamoja ndani ya muda uleule. Mmoja unaugawa muda huo mara mbili, mwingine unaugawa mara tatu, na yote miwili inaanza pamoja na kukutana tena mwanzoni. Zipo pia za tatu juu ya nne, tano juu ya nne na kuendelea, lakini asiyeiweza tatu juu ya mbili asijisumbue nazo.

Mtoto wa Mombasa huisikia kabla hajajua kuhesabu. Chakacha ya harusini huenda kwa sita kwa nane: vipigo vidogo sita, kisha sita tena. Sita hugawika makundi mawili ya vitatu, na hiyohiyo sita hugawika makundi matatu ya viwili. Humo ndimo ngoma za msondo, vumi na chapuo hupata nafasi ya kupishana bila kugongana.

Jaribu sasa hivi, mikono juu ya mapaja. Hesabu moja hadi sita polepole, usisite ukirudi kwenye moja. Mkono wa kulia upige 1, 3 na 5. Wa kushoto upige 1 na 4. Utapata: pamoja, kulia, kushoto, kulia, na kwenye 2 na 6 kimya. Ukitaka kuishika kwa mdomo, sema "njoo mama njoo", ukivuta kila "njoo". Njoo ya kwanza ni mikono yote, ma ya kwanza kulia, ma ya pili kushoto, njoo ya mwisho kulia.

Dakika tano zinatosha kuipata hiyo, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Mikono ikishakariri "njoo mama njoo", unapiga wimbo mmoja mfupi uliogawiwa mikono miwili. Polirithimu bado. Kipimo ni mguu. Gonga mguu pamoja na mkono wa kushoto, kwenye 1 na 4, uisikie ikiyumba kama chakacha. Halafu, bila kubadilisha chochote mikononi, hamisha mguu uufuate wa kulia: 1, 3, 5. Ghafla imekuwa kama wolzi, ile dansi ya Kizungu ya hesabu tatu. Mikono ni ileile, vipigo ni vilevile, lakini muziki umekuwa mwingine kwa sababu sikio limehamia upande wa pili. Anayeweza kuhama na kurudi apendapo, huyo ndiye ameielewa.

Wanafunzi wangu wengi walianzia dramu kanisani, kwenye mapambio ya hesabu nne, sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwenye mbili na nne. Mikono yao ina kasi kuliko yangu. Ukiwaomba sita kwa nane, wanaipigisha gwaride. Mmoja kutoka Kisauni alihangaika wiki mbili, nikamwambia aweke vijiti chini, atembee chumbani hatua mbili kwa kila sita, huku akipiga makofi matatu. Mzunguko wa tatu akasimama akacheka: "Mwalimu, si hii ni ngoma ya harusi ya dada?" Ndiyo hiyo.

Ugumu wa dramu seti unatokana na umbo lake. Ngomani kila ngoma ina mtu wake, na kila mtu ana mdundo wake wa kuushika. Dramu seti iliwakusanya wapigaji kadhaa katika kiti kimoja, hasa baada ya kuenea kwa pedali ya besi, inayoipiga ngoma kubwa kwa mguu. Ile ya ndugu wa Ludwig huko Marekani ilipewa hataza mwaka 1909. Kwa hiyo bendi kama Mombasa Roots zilipoihamishia chakacha kwenye gitaa na dramu, kazi ya watu kadhaa ilimwangukia mtu mmoja mwenye viungo vinne.

Kwenye seti, anza na besi kwenye 1 na 4, haihati, yale matoazi mawili yaliyopachikwa pamoja, kwenye 1, 3 na 5. Sneya iache kwanza; watu huikimbilia mapema mno. Metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, iweke 60 kwa dakika, iwe ndiyo mbili yako, wewe piga tatu juu yake. Kesho iweke 60 tena, lakini sasa iwe ndiyo tatu, wewe piga mbili. Siku ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza, usishangae.

Usiichanganye na polimita. Huko vipigo vidogo vinalingana ila mizunguko ina urefu tofauti, mmoja wa vitatu na mwingine wa vinne, basi hukutana baada ya kumi na mbili.

Huna seti nyumbani? Magoti yanatosha, hata ndani ya feri ya Likoni, ukivumilia kutazamwa. Nami nikikuuliza umetoka wapi ukanijibu sentensi nzima bila mguu kuyumba, pandisha metronomu hadi 70.