Baiskeli Hii ya Kiingereza Ni ya Mwaka Gani?

Wanaoniuliza umri wa Raleigh, Rudge au BSA ya zamani hunitumia picha ya nembo ya mbele. Nembo inakupa jina, basi. Mimi nitakuomba picha ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu.

Kama ni ya gia tatu, kiwanda cha Sturmey-Archer cha Nottingham kimeshakurahisishia kazi. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, futa grisi iliyoganda katikati ya habu, mara nyingi utaona herufi AW, aina iliyotoka mwaka 1936, na pembeni yake namba. Zikiwa mbili, tuseme 55 na 10, ni mwaka na mwezi: Oktoba 1955. Inayozidi 12 ndiyo mwaka. Ukikuta tarakimu moja tu, kama AW 8, hiyo ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: 1938.

Lakini habu hutaja umri wake yenyewe. Baiskeli iliyobeba magunia maisha yake yote imeshabadilishwa magurudumu, kwa hiyo natafuta mashahidi wengine. Kishikio cha gia kilichofungwa juu ya bomba la juu la fremu kinaelekeza miaka ya 1930 au kabla yake. Cha kubonyeza kwa kidole kwenye usukani kilikuja mwishoni mwa miaka hiyo. Halafu kwangua uchafu kwenye krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, mahali ambapo kutu haijafika. Mng'ao wenye umanjano kidogo ni nikeli, iliyotumika sana hadi karibu 1930. Wenye ubuluu ni kromu. Na kama vyuma vya kung'aa vyote vilipakwa rangi nyeusi tangu kiwandani, fikiria miaka ya vita, kromu ilipoadimika.

Angalia pia nani alimmiliki nani. Raleigh waliichukua Rudge mwaka 1943 na baiskeli za BSA mwaka 1957, kwa hiyo Rudge iliyojaa vipuri vya Raleigh kwa kawaida ni ya baada ya 1943.

Zinazonitoa jasho ni zile za magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa fito za chuma badala ya waya, zisizo na gia, zilizojaa Afrika Mashariki. Umbo lake halikubadilika kwa miongo kadhaa. Nyingine hata si za Uingereza: soma nembo vizuri, ukiona Sen-Raleigh ujue imetoka Asansol, India. Kwa hizo natoa muongo, mwaka sitoi, hata muuzaji akinibembeleza vipi.