Wasifu wa Kuombea Kazi: Kurasa Mbili Zinatosha

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ajira yanafanana: "Nimetuma maombi kila mahali, siitwi kwenye usaili." Tukiomba kuuona wasifu wenyewe, mara nyingi tunaletewa kurasa saba au nane, zimeanzia shule ya msingi na kuishia kwenye semina ya siku moja.

Wingi wa kurasa si wingi wa sifa. Tunalirudia hili kila mara na bado watu wanaongeza kurasa. Anayechambua maombi ana rundo mbele yake. Kwenye mchujo wa kwanza anapitisha macho tu, akitafuta sifa zilizotajwa kwenye tangazo. Asipoziona mapema, huenda ukurasa wa pili asiufungue. Aliyemaliza chuo karibuni, ukurasa mmoja unamtosha. Mwenye uzoefu wa miaka mingi, miwili. Kazi za uhadhiri na utafiti zina utaratibu wake.

Kinachoubeba wasifu ni maelezo ya kazi ulizofanya. Mtunza ghala anaandika: "Nilihusika na masuala yote ya stoo." Mwajiri afanye nini na sentensi hiyo? Kumbe angeweza kuandika: "Nilipokea mizigo na kuilinganisha na ankara; nilihesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi na kuandaa taarifa ya upungufu." Hapo msaili ana la kuuliza, na mwombaji ana la kujibu. "Mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza" anaandika kila mtu, hivyo hakumtofautishi yeyote.

Panga kazi kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, kila moja na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Tarehe hizo zinaweza kulinganishwa na barua zako za ajira, na majina yako na yale yaliyo kwenye vyeti. Yakitofautiana, andaa uthibitisho wa kisheria wa mabadiliko kabla hujaulizwa. Sifa ya uongo ikibainika, maombi huondolewa. Ikibainika umeshaajiriwa, unaweza kuachishwa kazi. Kughushi cheti ni jinai, na kusema "nilitengenezewa na mtu" hakukuondolei lawama.

Baadhi ya waajiri hutumia programu kuchambua maombi, na majedwali na michoro huweza kuikwamisha. Tumia aina ya herufi (fonti) ya kawaida, saizi ya 11 au 12, na utume kwa PDF, isipokuwa tangazo limeagiza vingine.

Wapo wanaoamini kwamba asiyeitwa hana mtu wa kumshika mkono. Upendeleo upo, na ukiuona, toa taarifa kwa mamlaka husika. Ila wasifu uleule uliotumwa kuombea nafasi ya uhasibu, ya udereva na ya ualimu bila kubadilishwa hata mstari, huo hauhitaji upendeleo ili uachwe.

Wadhamini uombe ridhaa yao kwanza, na uwaambie ni nafasi gani unaomba. Hakikisha namba zao, na yako, zinapatikana.