Buti la skii halichaguliwi kwa kulegea
Wengi wanaokodi mabuti ya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni, kwa mara ya kwanza huomba saizi iliyozidi kidogo, wakiamini kwamba nafasi ya ziada na soksi mbili zitawapa joto. Imani hiyo ndiyo inayowaletea baridi. Buti la kuteremkia mlima lina ganda gumu la plastiki, na kazi yake ni kuhamisha nguvu ya mguu hadi kwenye ubao; mguu ukicheza ndani, mtelezaji hukaza vifungo kupita kiasi, damu ikashindwa kupita vizuri, na vidole vikafa ganzi. Saizi yake ni urefu wa mguu kwa sentimita, kama vile 26.5: ukisimama wima vidole hugusa mbele kidogo, na ukikunja magoti hurudi nyuma. Soksi moja nyembamba yatosha.

Mabuti ya skii ya kupandia mlima, ambayo ni mepesi na hulegezwa kwenye kifundo wakati wa kutembea, nayo hutaka kubana. Yale ya safari za tambarare ni laini zaidi, na kisigino huinuka kutoka kwenye ubao. Namba ya ugumu wa buti, tuseme 90 au 130, isikutishe: haina kipimo kimoja kwa watengenezaji wote.